Hopsi za Mama Nyevu na Idara ya Harufu

Idara ya Udhibiti wa Harufu, Kisiwa cha Mombasa, ilitangaza kwa fahari kuwa kuanzia mwezi wa Machi harufu yoyote itokayo nyumbani kwa mtu lazima iwe na kibali. Pilau ilisamehewa kwa muda, mpaka kamati ndogo ya viungo itoe ripoti.

Mimi, Fahmi, nilikuwa Afisa Mnusaji Daraja la Pili. Kazi sikuipata kwa kujuana. Nimezaliwa Mji wa Kale, mama yangu muuza udi, na pua yangu ilifanyiwa usaili mara tatu.

Jalada letu la kwanza lilimhusu Mama Nyevu wa Mbaraki, mpishi mstaafu wa hoteli, aliyekuwa akipika bia ya shayiri jikoni mwake. Bia haikutuhusu, ina idara yake. Kilichotuhusu ni jirani aliyelalamika kuwa nyumba yake inanukia ndimu, na yeye hajanunua ndimu.

Nilikwenda na Mkurugenzi wetu, Bwana Mumo, aliyevaa tai kwa heshima ya ukaguzi.

“Karibuni,” alisema Mama Nyevu. “Mwaja kunywa au kuandika?”

“Kuandika,” alisema Mkurugenzi.

Mama akatoa pakiti mbili za hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayotiwa kwenye bia, akanimiminia kidogo kiganjani.

“Fikicha, mwanangu, kisha unuse. Maneno ya pakiti yaache. Niambie pua yasemaje.”

Pombe sinywi, na sijawahi. Lakini kunusa ndiko kunakonipa mshahara. Ya kwanza ilinukia nyasi na pilipili manga. Ya pili, ganda la ndimu, na nyuma yake pera lililoiva.

“Basi hiyo ya pili ndiyo ya harusi ya ndugu yangu Kitsao,” alisema. “Nataka ndoo mbili, mwezi ujao. Ila hopsi za harufu hazitaki pupa. Ukizichemsha sana, harufu yapanda na mvuke, wewe wabaki na uchungu. Mimi huzitia nikishazima moto. Nyingine huzitia hamira ikimaliza kazi yake, zikakaa siku tatu, basi.”

“Yaani mwishoni?” aliuliza Mkurugenzi.

“Mwishoni.”

“Huo ni uzembe. Zitiwe mwanzo, zichemke saa mbili chini ya usimamizi, harufu iishe. Ukikataa, sufuria zote zatiwa lakiri.”

Mama Nyevu alinitazama. Nikatazama daftari, na mpaka leo naona haya. Akakubali kupika ndoo moja kwa mwongozo wa idara. Ya pili alisema ataifikiria. Sikuandika, kwa kuwa kufikiria hakuna fomu.

Tulisimamia. Kwa saa mbili Mbaraki yote ilinukia ndimu, makuli wakasimamisha mikokoteni kuuliza nani anaoa. Mkurugenzi akaandika: “Harufu imehamishwa kwa mafanikio.”

Baada ya majuma matatu alikuja Bi Kate, mkaguzi mkuu kutoka Nairobi, mtu anayeijua bia. Mkurugenzi alimmiminia bilauri kutoka ndoo ya idara, jikoni kwa Mama Nyevu. Bi Kate akapiga funda moja, akaisogeza bilauri kando.

“Nani kapika?”

“Mimi,” alisema Mkurugenzi. “Mama alishika mwiko tu.”

“Hakuna nyingine?”

Mama Nyevu akaleta bilauri kutoka ndoo ya pili. Bi Kate alinusa kabla ya kunywa, akanywa, akanusa tena.

“Na hii?”

“Hii ya mshika mwiko,” alisema Mama Nyevu.

Bi Kate aliomba kuipeleka ndoo ile makao makuu. Mama akamwambia kwa upole kuwa ni ya Kitsao, lakini harusini atakaribishwa. Kisha Bi Kate akamgeukia Mkurugenzi.

“Yako ni lita ishirini, Bwana Mumo. Imetengenezwa kwa amri ya serikali, haimwagwi. Na kwa kuwa ni kazi yako, hutakunywa nyingine mpaka hiyo iishe.”

Harusini Bi Kate aliketi mbele, bilauri ya pili mkononi, akimuuliza Mama Nyevu habari za hopsi. Mkurugenzi aliketi pembeni na chupa yake mwenyewe, akinywa kama mtu aliyeandikiwa mwarobaini. Mimi nilitumwa kukagua harufu ya bia yake. Niliinusa chupa mara mbili, kwa uaminifu, nikaandika: “Haina harufu yoyote. Mwongozo umefuatwa kikamilifu.”