Mpiga Teke Wetu na Hodi Isiyofika

Duka la Kinyozi Ferrante,
Mtaa wa Gati, Port Harmon, Ohio.
Jumatano, Februari.

Ndugu Mhariri wa Harmon Courier,

Pokea salamu za msomaji wako wa miaka mingi. Sijawahi kukuandikia ila mara moja, gazeti lilipokosea saa ya mazishi ya mjomba wangu, tukafika na maua yetu tukamkuta amekwisha kuzikwa. Hilo nilikusamehe, maana mjomba mwenyewe hakulalamika. La leo ni zito zaidi.

Linamhusu Bwana Russell Haverty, mwandishi wako wa michezo, na Emil Hruska, aliyekuwa mpiga teke wa timu yetu ya Makuli kwa misimu kumi na minne. Kama ujuavyo, wanaoamua nani aingie Ukumbi wa Magwiji wa Mpira si wachezaji, wala si sisi tuliogandia kwenye viti vya bati kila Jumapili. Ni waandishi wa michezo arobaini na wanane, na Bwana Haverty ni mmoja wao. Wiki iliyopita walipiga kura. Emil amekataliwa tena, mara ya kumi na moja sasa. Binti yangu Rosalie, anayenipigia chapa barua hii, amenishauri nitoe malalamiko yangu kwa namba, kwa sababu nikiyatoa kwa mdomo huwa narudi nyuma.

1. Mchezo huu wetu wa Kimarekani unaitwa mpira wa miguu. Sikuuita mimi. Lakini nenda uwanjani uitazame hiyo miguu inafanya nini: inakimbia, basi, kama miguu ya mtu yeyote aliyeiba kuku. Mpira wenyewe hubebwa kwapani, hurushwa kwa mkono, hukumbatiwa tumboni kama mtoto mwenye homa. Katika timu yetu nzima, mtu aliyeajiriwa kuupiga kwa mguu alikuwa Emil. Timu ikikwama, mvua inanyesha, matope yamefika vifundoni, waliobaki walikuwa wanatoka kwenda kunywa maji na yeye ndiye anaingia. Anaupiga ule mpira unapotea mawinguni, unarudi na baridi yake, na wale wa upande wa pili wanaanza safari upya kutoka mlangoni kwao. Sasa warushaji wa mpira wamejaa mle Ukumbini mpaka wanakanyagana, na wapiga teke ungeweza kuwaketisha wote kwenye kiti changu kimoja cha kunyolea. Ni sawa na chama cha waogeleaji kumkataa mwanachama pekee anayelowa.

2. Hotuba. Wapiga kura wakikutana, kila mchezaji huombewa na mwandishi wa mji wake, kama mshenga anavyosimama kumwombea kijana posa. Mshenga wa Emil ni Bwana Haverty. Mwaka juzi alipomwombea yule mrushaji wetu mwenye meno meupe, alisema kwa dakika arobaini na moja, na inadaiwa alilia pahala pawili. Zamu ya Emil ilipofika alisimama akasema, "Mabwana, Emil Hruska. Alipiga mpira. Mnaujua msimamo wangu." Akaketi akamalizia mkate wake wa nyama.

Utauliza nimejuaje. Aliniambia mwenyewe. Amekuwa mteja wangu wa kila Jumanne tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Alinisimulia huku ana taulo shingoni na mimi nina wembe mkononi, na alitoka dukani mzima, masikio yote mawili. Ninalitaja hilo ili ujue unasoma barua ya mtu mstahimilivu.

Chanzo cha chuki hiyo mji mzima unakijua. Mwaka 1984 tulifungwa katika tope, na Bwana Haverty akaingia chumba cha wachezaji na kalamu yake, akamuuliza Emil, "Unajisikiaje baada ya kushindwa?" Emil alikuwa anatoa matope masikioni. Akajibu, "Nunua gazeti lako kesho, bwana, utasoma nilivyojisikia. Huwa unajua kabla yangu." Chumba kizima kikaangua kicheko, hata kocha, ambaye alikuwa hajacheka tangu afunge ndoa. Basi. Mateke elfu moja mia moja na sita yamezama katika kicheko kimoja. Burdette, anayetuletea barua mtaani kwetu, husema, "Yule Haverty hata ibilisi akimpa mahojiano mazuri, atamwombea Ukumbi." Mimi nisingefika huko, lakini sikumkatiza, nilikuwa namnyoa kidevu.

3. Rosalie ameifuta ya tatu. Anasema ni matusi na kwamba mama yake Bwana Haverty hakuwahi kupiga kura.

4. Siri ya kura. Hapa, Ndugu Mhariri, naomba usome polepole. Wale arobaini na wanane hupiga kura gizani. Matokeo hutangazwa, majina ya waliopinga hayatangazwi. Mimi nasema mtu anayemhukumu mwenzake halafu anaificha kura yake mfukoni ni mwoga, na kura ya haki haiogopi jua. Nataka uchapishe, ukurasa wa kwanza, jina la kila aliyempinga mchezaji, na sababu yake kwa maandishi makubwa, hata kama sababu ni kicheko cha mwaka 1984. Akiona aibu kuisoma, basi haikuwa sababu.

5. Hodi. Hii ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Siku ya matokeo, mwenyekiti wa Ukumbi huenda mwenyewe mpaka nyumbani kwa kila aliyechaguliwa, akabisha mlango. Hapigi simu. Ukisikia hodi, umeingia. Usiposikia, unakaa mpaka giza linaingia, halafu mmoja wenu anasema afadhali tule.

Kwa miaka kumi na moja Emil amekuwa akiamka siku hiyo, anaisafisha njia ya mlangoni kwa koleo mpaka theluji yote inahamia kwa jirani, anavaa tai. Mkewe Dolores anaoka pai ya cheri, kwa sababu mwenyekiti hawezi kutoka safari ndefu hivyo akapewa maji matupu. Mwaka huu, saa kumi na dakika kumi jioni, mlango ukabishwa.

Dolores ndiye aliyenisimulia. Anasema Emil alisimama taratibu kama mtu aliye kanisani, akainyoosha tai. Yeye Dolores akaanza kulia kabla ya kufika mlangoni, ili akifungua awe amemaliza. Akafungua. Alikuwa msoma mita wa gesi.

Walimkaribisha. Wangefanyaje? Alikula pai vipande viwili, akasema ni nzuri mno, akasema na mita nayo iko vizuri. Emil alimsindikiza mpaka kwenye gari, bado na tai yake.

Mwakani ni mara yake ya mwisho kwenye orodha. Baada ya hapo jina huingia katika kapu la wazee, ambamo huchomolewa mmoja kwa mwaka, na wengi wao huchomolewa wakati hawawezi tena kuusikia mlango. Emil ana miaka sabini na mbili, na mwezi ujao anapelekwa kubadilishwa vali ya moyo. Sisemi hivi ili uhuzunike. Nasema ili Bwana Haverty ajue kuwa hiyo chuki yake ina tarehe.

6. Maombi. Naomba kwanza Bwana Haverty anyang'anywe kura. Pili, kura hiyo apewe kinyozi. Usicheke. Mwandishi humtazama mtu kupitia sifa zake, lakini kinyozi humtazama kutokea utosini, na kutokea utosini binadamu wote ni sawa, tofauti ni mba tu. Tena mimi nina uzoefu. Dukani kwangu upo Ukuta wa Magwiji wa Port Harmon, picha kumi na nne ndani ya fremu, nilizozichagua mwenyewe bila kamati: yupo baba askofu, yupo mkuu wa zimamoto, yupo Bibi Thelma Oyler ambaye katika mchezo wa bouling aliangusha pini zote kwa mpira mmoja mara kumi na mbili mfululizo. Kwa miaka arobaini hajatokea mtu wa kulalamika kuhusu upendeleo.

Tatu, na hapa ndipo haki itakapokamilika, ujengwe Ukumbi wa Magwiji wa Waandishi wa Michezo. Chumba cha nyuma cha zimamoto kiko wazi, kina mabomba tu. Wapiga kura wawe wapiga teke wastaafu peke yao. Kila Februari waandishi wakae nyumbani na tai zao, wake zao waoke pai, wasikilize mlango. Na kila mwaka, saa kumi na dakika kumi, tuwapelekee msoma mita.

Nikomee hapo. Nisalimie mke wako, nisalimie mafundi wa mitambo, na yule dada wa matangazo ya vifo aliyeandika jina la mama yangu bila kosa hata moja. Nisalimie wote waliomo ofisini. Hata Bwana Haverty msalimie, mwambie Jumanne saa nne kama kawaida.

Ni mimi ninayedai haki bila kinyongo chochote,

Nunzio Ferrante,
Kinyozi.

Nyongeza, Jumamosi:

Barua hii imechelewa kutoka. Rosalie alipomaliza kuipiga chapa aliinua macho akautazama ule Ukuta wangu, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda. Akaniuliza, "Baba, Emil yuko wapi hapa?"

Nikamweleza kuwa hilo ni jambo tofauti kabisa. Mwaka 1983 Emil alionekana akitoka dukani kwa Odell, yule kinyozi wa ng'ambo ya daraja, shingo imenyolewa na bado mbichi.

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Inatosha."

"Na huyu wa tatu kutoka kwenye kioo si Haverty?"

Nikamwambia Bwana Haverty hajawahi kuvuka daraja. Rosalie alichukua barua akanisomea namba nne, ile ya siri ya kura, kwa sauti, mbele ya wateja wawili na Burdette.

Kwa hiyo jana nilifunga duka mchana, nikavaa tai, nikaenda kwa akina Hruska, nikabisha. Dolores akafungua. "Nunzio! Gesi tumeshasomewa."

Nikasema nimekuja kirasmi. Nikasema Emil Hruska amechaguliwa kuingia Ukuta wa Magwiji wa Port Harmon. Emil alitokea jikoni na kitambaa cha mezani kifuani, akasimama. Akaniuliza kura zilikuwa ngapi. Nikamjibu zote. Akauliza wapiga kura ni wangapi. Nikamwambia mmoja, lakini mgumu.

"Toka nje," akasema, "ubishe tena. Sijavaa tai."

Nikatoka. Nilikaa kwenye ile theluji kama dakika tano, maana siku hizi vidole vyake havimtii kwenye fundo. Halafu nikabisha. Alifungua mwenyewe, tai imenyooka, na Dolores nyuma yake keshaanza kulia. Aliushika mkono wangu kwa muda mrefu, hata nikasahau maneno niliyoyapanga.

Pai haikuwepo, tulikula mayai. Na kwenye mayai ndipo Emil aliponiuliza, huku anajipakulia chumvi ambayo daktari amemkataza, "Hebu niambie, Nunzio. Miaka yote hii, kwenye huo Ukuta wako, nani hasa alikuwa ananipinga?"

Nikamwambia kura ni siri.

Hivyo basi, Ndugu Mhariri, nakuomba sana ile namba nne uifute.