Tuzo ya Redio na Mfuko Wangu wa Nyongo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Tangazo la tuzo za redio za hospitali, zile wanazosikiliza wagonjwa vitandani, limebandikwa mlangoni mwa studio. Mwaka huu ni wangu! Sharti jipya: kila mtangazaji wa kujitolea apeleke kipindi chenye sauti ya mgonjwa akieleza kimemfaa nini.

Hapo ndipo pagumu. Tangu nistaafu kuuza mazulia na kuanzisha "Alhamisi na Wilf", hakuna mgonjwa aliyewahi kueleza chochote. Mmoja alipiga simu studio. Alitaka kubadilishiwa shuka.

Glenys Pugh hana shida hiyo. Yeye ni mtangazaji wa Jumanne, zamani mpishi wa shule. Wagonjwa humwandikia kadi. Tuzo yake ya shaba ya mwaka jana kaiweka kando ya birika, ili kila anayetaka chai aione. Nimeacha chai.

Nimemweleza mke wangu Beryl kwamba wagonjwa hawanisifu kwa kuwa hakuna wa kuwaamsha. Anatakiwa mtu wangu ndani ya wodi. Mtu mwenye pajama. Beryl amesema, "We mzee, usinitie aibu." Nimeichukulia kuwa ndiyo.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya chapati za maji, kesho Kwaresima. Nimekula hadi Beryl akaficha sukari.

Mchana, mazoezi ya kugumia kama mgonjwa, ili nilazwe. Nimechagua tumbo. Mguu kila mtu anauona, tumbo ni siri ya mwenyewe. Tena tangu Krismasi linanikata kidogo upande wa kulia, kwa hiyo sitakuwa mwongo kabisa. Jirani amegonga ukuta. Safi! Sauti inafika.

Jumatano, 5 Machi

Mapokezi ya dharura. Watu wengi, viti vigumu. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto mwenye homa. Roho ikanisuta, nikasimama niende zangu. Wakati huohuo nikaitwa. Ningefanyaje?

Daktari, binti mdogo tu, akanibonyeza upande wa kulia. Nikapiga yowe ambalo sikulipanga. Kipaji! Akabonyeza tena. Kipaji tena, na machozi juu. Hakutabasamu. Akasema nalazwa.

Nimelazwa! Beryl ameniletea pajama, uso umempauka. Nimemkonyeza. Hakunikonyeza.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi imeanza. Kwenye kitanda cha jirani yupo Cyril Tattersall, mzee aliyekuwa dereva wa lori, kapasuliwa ngiri. Sikujitambulisha. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, iwapo anasikiliza redio ya hospitali.

"Jumanne sikosi," akasema. "Yule mama anakuuliza jina, anakuuliza na mbwa wako kamwachia nani."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi kuna bwana anaongea kama anakuuzia zulia. Namsikiliza kidogo, nalala. Simlaumu, usingizi wake mtamu."

Nikasema nasikia ana wapenzi wengi. "Labda mama yake," akasema Cyril.

Naambiwa leo Glenys anashika kipindi changu. Bila kuniuliza! Nitavaa visikilizio nihesabu makosa yake.

Jumamosi, 8 Machi

Niko hai. Niandike polepole.

Alhamisi jioni nilivaa visikilizio. Sikio moja la visikilizio hivyo halifanyi kazi. Glenys akasalimia wodi zote, kisha akasema, "Wilf, mpenzi, najua uko huko juu na najua unatafuta makosa yangu. Studio imepoa bila wewe. Hakuna hata wa kuninunia." Halafu akapiga wimbo tuliocheza mimi na Beryl siku ya harusi. Alikuwa amempigia Beryl simu kumuuliza.

Cyril akanigeukia. "Wilf? Zulia ni wewe?"

Nilitaka kumjibu. Ndipo maumivu yakaja. Yale hayakuwa ya mazoezi. Kama mtu kaingiza mkono chini ya mbavu akakunja ngumi. Sauti yote ikaniisha. Nikamsikia Cyril akigandamiza kengele na kupayuka, "Sista! Njoo! Huyu tangu jana analialia, sasa kanyamaza. Huyu anaumwa kweli!"

Sista Jincy, muuguzi wa zamu, alikuja mbio. Jana wamenipasua. Mfuko wa nyongo ulijaa vijiwe, na ulikuwa umeanza kuoza. Daktari amesema ningekaa nyumbani wiki nyingine, angezungumza na Beryl peke yake.

Beryl amelia. Kisha amefuta pua akasema kwa wivu nilionao, nyongo ingebaki salama vipi?

Sista Jincy ananilowesha midomo kwa pamba. "Polepole, baba," ananiambia. Kwao Kerala, India, ni mbali, na baba yake mwenyewe nani anamlowesha midomo? Nilimuuliza. Akasema dada yake. Nimemshukuru na huyo dada.

Mchana Glenys akaja na pudini ya mchele na kinasa sauti. Akaomba niseme neno. Nilikuwa na hotuba tayari, ya tangu Jumatatu. Sikukumbuka hata neno moja. Nikasema tu kwamba ukilala hapa unakuwa namba ya kitanda, halafu mtu anataja jina lako katika lile sikio moja linalofanya kazi, unakuwa mtu tena. Nikafuta macho kwa shuka. Cyril naye alikuwa anafuta macho. Amedai ni nyuzi za ngiri zinavuta.

Jumamosi, 17 Mei

Blackpool, sherehe ya tuzo. Hoteli, suti, kuku mkavu.

Kipindi changu nilikipeleka, na sauti ya Cyril ndani: "Bwana huyu analaza wodi nzima. Hakuna dawa inayomfikia." Waamuzi walicheka sana. Hawakunipa kitu.

Dhahabu: Glenys Pugh. Wakapiga sehemu ya kipindi chake. Ilikuwa sauti yangu! Ukumbi mzima ukasimama. Glenys akaniita jukwaani, akanipa tuzo niishike. Nzito kweli. Nikamshukuru daktari binti, Sista Jincy na dada yake, Cyril, Beryl, mtu aliyebuni visikilizio, hadi wakanizimia kipaza sauti. Nikaendelea bila hicho. Nilimaanisha kila neno.

Jumapili, 18 Mei

Tumerudi. Jua limetoka. Nimekunywa chai ya studio kwa mara ya kwanza mwaka huu, nikampongeza Glenys kwa moyo mweupe. Nina afya, nina marafiki, nina mke mwema. Basi na hila. Nimejifunza.

Beryl alipokuwa akishuka ngazi asubuhi alichechemea. Amesema ni nyonga, inamsumbua kidogo tu, atavumilia. Nikamshika mkono kwa upendo mkubwa. Maskini Beryl! Kwa nini avumilie? Kesho nampeleka kwa daktari. Foleni ya kubadilishiwa nyonga ni ndefu, lakini tukiwahi sasa, anaweza kulazwa Machi ijayo hasa, kabla maombi ya tuzo hayajafungwa. Ana sauti nzuri, Beryl. Na hataweza kukimbia.