Kamera Inajua Yenyewe

Jumatatu, 3 Juni
Nimeipata! Kamera ya filamu, ile inayojiendesha yenyewe. Inapima mwanga, inavuta filamu, inawasha taa. Kazi yangu kubonyeza tu. Jumatano Baba na Mama wanatimiza miaka arobaini ya ndoa na hawana hata picha moja ya wawili peke yao. Nimeapa mbele ya familia: nitawapiga mimi. Shemeji, mume wa dada yangu, akasema yeye ana simu. Simu! Nikamjibu picha ya simu haina roho. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 4 Juni
Nimenunua filamu kwa mzee wa studio. Akanishauri bila kuombwa. Eti kamera hizi hushika kilicho katikati, kingine chote huwa ukungu; watu wawili wakiachana, itashika ukuta. Eti wasogeleane, au nimlenge mmoja kwanza, nibonyeze kitufe nusu ili imshike yeye. Nusu! Nikamwambia, mzee wangu, mimi sikununua kamera ili nifanye kazi. Wivu tu huo.

Jumatano, 5 Juni
Siku yenyewe. Baba kushoto, Mama kulia, nafasi ya kutosha katikati ili gauni lisikunjamane. Shemeji akapiga moja kwa simu, akaionyesha papo hapo. Vigelegele! Mimi sina cha kuonyesha mpaka filamu isafishwe. Baba akauliza kama filamu inajua kwamba yeye ni mzee. Mama akasema atasubiri, mwanawe hajawahi kumwangusha. Nimemwangusha mara nyingi sana. Ndiyo maana nilitaka kulia.
Picha ya mwisho, ya thelathini na sita, Mama akaona uzi begani kwa Baba, akasogea kuutoa. Kidole kikaniponyoka, kikabonyeza. Imeharibika!

Jumamosi, 8 Juni
Balaa. Picha zimetoka: ukuta! Kila ufa, kila msumari, hata alama ya kidole cha fundi rangi. Baba na Mama ni ukungu uliovaa nguo mpya. Shemeji akashauri ukuta upelekewe nakala zake. Mama alizipitia moja moja. Nikaomba ardhi ipasuke.
Akafika kwenye ile ya uzi. Vichwa vimekutana katikati, Baba anacheka, kope zote zinahesabika. Akaikumbatia kifuani. Akasema ndivyo walivyo hasa, hivi hivi. Baba akalalamika moshi umemwingia machoni. Jiko lilikuwa limezimwa. Nimefurahi, jamani, nimefurahi mno! Shemeji mwenyewe ameniomba niwapige kesho, yeye na dada.

Jumapili, 9 Juni
Nimemringishia picha mzee wa studio. Akasema si alinionya, hapo wamesogeleana. Maskini, hajui kitu. Nimeikagua kwa miwani ya Baba na siri nimeigundua: ni uzi. Nimenunua mweupe, wa kutosha ukoo mzima. Shemeji atawekewa mmoja begani, na dada mmoja. Nitawakalisha mmoja huku mwanzo wa kochi, mwingine kule mwisho, ili nyuzi zote mbili zionekane.