Utepe Mweupe wa Gitaa la Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Nyota yangu imeng'aa! Shemeji, mume wa dada na kiongozi wa bendi, ameniletea gitaa lake la umeme hapa karakanani. Nikaze skrubu ya mkanda, basi. Basi! Bendi inatafuta mpiga gitaa wa pili, na anayetajwa ni Mzee wa Nyaya, fundi redio wa mlango wa pili, mtu wa maringo. Mimi nitalizungushia gitaa utepe mweupe wa plastiki ukingoni kote. Shemeji akiliona, nafasi ni yangu. Sijamwambia kitu.

Jumanne, 5 Machi
Nimechimba mfereji wa utepe kwa mashine. Penye ubapa, safi kabisa. Nikaimba. Kufika pale palipochongwa mteremko ili mkono wa mpigaji upumzike, mashine nayo ikalala kufuata mteremko. Mfereji ukazama. Si mimi, ni mbao. Nimejaza unga wa mbao na gundi. Mkono utafunika.

Jumatano, 6 Machi
Utepe haukubali kupinda. Una kiburi. Nimeazima kimya kimya mashine ya dada ya kukaushia nywele. Ukalainika! Nikacheka peke yangu. Nikaongeza moto kidogo, kwa mapenzi tu, ukajikunja kama mkia wa mbwa. Nimekata mwingine. Dada alipita akiulizia mashine yake. Nimemwambia wezi wamezidi mtaani.

Alhamisi, 7 Machi
Gundi kila mahali. Gitaa lote nimelifunga tepu ya karatasi hadi utepe ushike, kama majeruhi. Mzee wa Nyaya akachungulia, akauliza nani kapata ajali. Eti gundi hii inakula rangi. Mwenye wivu ajinyonge!

Ijumaa, 8 Machi
Nimebandua tepu. Rangi imekuja nayo. Kumbe inakula kweli. Lakini utepe! Unang'aa, umeshika kote isipokuwa kwenye mteremko, ambapo umeinuka kidogo. Nikaukandamiza kwa kidole. Kidole kikaganda. Dada akanikuta hivyo, mashine yake ya nywele mezani. Amenibandua kwa mafuta ya kupikia, akinisema mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji amekuja na bendi nzima na vyombo vyao. Akaligeuza gitaa. Akapiga. Katikati ya wimbo utepe ukafyatuka, ukanasa shati lake, ukalipasua hadi kwapani. Mzee wa Nyaya alicheka mpaka akakaa chini.

“Shemeji,” mume wa dada akaniambia taratibu, “wewe na magitaa basi. Utatubebea vyombo.”

Nafasi amepewa Mzee wa Nyaya. Imeniuma. Nimelia kidogo chooni.

Jumapili, 10 Machi
Nimeamka na furaha tele. Kubeba vyombo! Si ndiyo nimeshaingia bendini? Na kosa nimeligundua: gitaa lina mteremko. Ngoma ni mviringo tu. Ile kubwa wameiacha hapa karakanani, ukingo mtupu, inatia huruma. Mpiga ngoma hajui kitu. Mashine ya nywele imefichwa, lakini dada ametoka, na pasi yake ina moto zaidi.