Gari Lisifike Mlangoni

Jumamosi, 3 Aprili 1954
Aibu! Nimetoka Ngombezi alfajiri ndani ya gari langu mwenyewe. Suti. Tai nyekundu. Jogoo mweupe kitini pembeni yangu. Safari ya Mazingara, kwa Mzee Mdoe, ambaye nimemposa binti yake Swaumu. Kona ya kwanza baada ya Korogwe, mlango wa mbele kushoto ukafunguka wenyewe. Jogoo akashuka. Sikumwona tena.

Nimefika ukweni mikono mitupu. Mzee Mdoe akauliza yuko wapi jogoo aliyetajwa na mshenga. Nikasema anakuja nyuma. Salimu, binamu yake Swaumu, akacheka mpaka akakaa chini. Huyu ni fundi cherehani mwenye baiskeli ya kengele mbili. Naye anamtaka Swaumu, najua. Mwanamume hafungi kengele mbili bila sababu.

Jibu la posa litatoka Ijumaa ya tarehe 16, maana Mzee anataka mambo yaishe kabla ya Ramadhani. Nampenda Swaumu. Simwachii fundi cherehani kwa sababu ya mlango!

Jumapili, 4 Aprili
Gari lenyewe halina kosa. Tumezaliwa mwaka mmoja, 1928. Lilikuwa la bwana mmoja aliyerudi kwao Ulaya, na kuku walikuwa wakitagia ndani. Nililipata kwa kubadilishana na gramafoni yangu. Shida ni milango tu. Miwili ya mbele haikubali kufungwa. Wa nyuma kulia haujafunguka tangu wakati wa vita. Wa nyuma kushoto hufanya unavyotaka.

Nimemwita Bernardo, fundi wa mashine hapa kwenye kiwanda cha mkonge ninakofanya kazi. Hakugusa hata kitasa kimoja. Aliushika mlango kwa chini, akauinua kwa vidole viwili, akauachia. Ko! Akasema vitasa ni vizima, ila bawaba zimelika, mlango umeshuka, na ulimi wa kitasa hauoni tundu lake. Akasema atanichongea pini mpya za bawaba, kazi ya nusu siku.

Nilimshukuru kwa adabu. Lakini nimesoma mpaka darasa la nane. Kinachofunga mlango ni kitasa. Mlango haufungi. Basi mgonjwa ni kitasa! Bernardo amezoea mashine za mkonge, si lazima ajue magari.

Jumanne, 6 Aprili
Nimepiga tupa ulimi wa kitasa cha kushoto mbele kwa saa tatu. Sasa haushiki kabisa. Nimepunguza mno. Nikaongeza kipande cha bati la kopo la samli. Ukashika mara moja, kisha bati likaanguka.

Springi ya kitasa cha kulia imeruka ikaingia kwenye sufuria ya maharage ya jirani. Imerudishwa jioni. Imeiva.

Alhamisi, 8 Aprili
Ushindi! Mlango wa nyuma kushoto unafunga! Nimeung'oa mkono wake uliolika, nikauwekea mkono wa kuteremshia kioo. Kwa tahadhari nimeng'oa na mikono mingine yote ya vioo, iwe akiba. Vioo vimebaki wazi vidole vinne. Hewa inatosha.

Kuufungua mlango huo ni jambo jingine. Ukiwa nje unaupiga teke. Ukiwa ndani sijagundua bado.

Barua kutoka kwa Mzee Mdoe. Jumamosi yeye na mkewe, Bi Mashavu, wanakwenda Korogwe kumwona mjukuu aliyezaliwa. Kwa kuwa nasema nina gari, anauliza kama naweza kuwapeleka. Huu ni mtihani!

Ijumaa, 9 Aprili
Nimepata dawa ya milango ya mbele. Kamba ya katani! Nimeufunga mlango wa kulia na wa kushoto kwa kamba moja, inayopita ndani chini ya magoti. Kila mlango unamshika mwenzake. Abiria wataingia kwa nyuma. Mimi ni karani wa mizani, katani hupita mbele yangu mchana kutwa. Nani anaijua kuliko mimi?

Bernardo alipita. Akauliza kama hiyo kamba imeshapatana na mvua. Akauliza tena kuhusu bawaba. Wivu, basi.

Jumamosi, 10 Aprili
Naandika shingo ikiwa upande.

Kwetu mama mkwe ni mtu wa kukaa naye mbali. Humtazami usoni. Hukai naye pahali pamoja. Mkikutana njiani, unapisha porini. Kwa hiyo nilipanga vizuri: Bi Mashavu nyuma, Mzee Mdoe mbele karibu nami awe ukuta. Mzee aliingia kwa nyuma, akapandisha kanzu, akavuka kiti kama anavuka mto. Nilihesabu hiyo kuwa dalili njema.

Maili tatu kabla ya Korogwe, kona. Kamba ikalegea, mlango wangu ukapanuka, nikauvuta kwa nguvu. Ukafunga. Pamoja na tai yangu! Nikaendelea kuendesha nikitazama kulia.

Mzee akaomba tusimame, alasiri imefika. Akavuka kiti tena, akatoka kwa mlango wa nyuma, ambao kwa mara hiyo ulijifungukia wenyewe, na kwa ajili ya heshima ya mkewe akaufunga nyuma yake. Ulifunga vizuri. Kazi yangu hiyo!

Ndipo mvua ikashuka. Maji yakaingia kwa vile vidole vinne, yakalowesha kamba. Katani ikilowa hukaza. Nilikuwa nalijua hilo. Sijui kwa nini sikulikumbuka. Milango ya mbele ikawa ukuta. Wa nyuma Mzee aliupiga mateke, ukazidi kukaza. Tupa na koleo zilikuwa kwenye sanduku, na sanduku nililiacha nyumbani.

Mimi na mama mkwe! Ndani ya sanduku moja la bati! Bi Mashavu akajifunika khanga mpaka kichwani, akatazama kioo chake. Mimi nikabaki paji la uso kwenye kioo changu. Si kwa hiari. Tai ilinishika. Fundo lilikuwa limekaza, ila ningeweza kulilegeza kwa taabu. Lakini nianze kuvua nguo mbele ya mkwe? Bora nife.

Saa nzima. Watu waliotoka shamba wakasimama kwenye mvua kututazama. Mmoja akauliza kama tunauzwa. Kisha nikasikia kengele. Mbili. Salimu, anakwenda Korogwe kununua uzi!

Nikatamani ardhi inimeze. Mara Bi Mashavu akakohoa. Akaweka bega chini ya mkono wa mlango, akauinua kidogo, akausukuma. Ukafunguka kimya kama mlango wa msikiti. Akamwambia mumewe, si mimi, kwamba mlango umeshuka bawaba kama ule wa jikoni kwake, na kwamba hata watoto wa nyumbani wanajua kuuinua. Akapanda nyuma ya baiskeli ya Salimu wakaenda Korogwe, Mzee akafuata kwa miguu. Kabla ya kuondoka Salimu aliikata tai yangu kwa mkasi wake wa kazi. Aliikata polepole. Alikuwa na furaha.

Nimempoteza Swaumu. Nimelia kidogo, sioni haya kuandika.

Jumapili, 11 Aprili
Bernardo ametoka kanisani na jani lake la mtende, akapitia kwangu. Ameniletea pini nne za bawaba, ameshazichonga. Nikamwambia nitaziangalia.

Ijumaa, 16 Aprili
Kengele mbili mlangoni. Salimu ametumwa kuleta jibu, maana ndiye mwenye chombo kinachofika. Alilitoa kama mtu anayetafuna mwarobaini.

Nimekubaliwa! Bi Mashavu ndiye aliyenisemea. Amemwambia Mzee kuwa saa nzima, mvua na aibu na watu wakicheka, kijana yule hakugeuza shingo hata mara moja. Adabu ya namna hiyo hajaiona tangu azaliwe. Nilimwuliza Salimu kama ametaja ile tai. Akasema alijaribu, wakamwambia anyamaze na wivu wake.

Kuna sharti moja, nalo limetoka kwa Swaumu mwenyewe. Salimu alilirudia mara mbili, kisha akalirudia tena kwa hiari yake. Gari lile lisifike mlangoni kwao. Likifika, posa imerudi.

Swaumu wangu! Pini za Bernardo nimezigongomelea ukutani, zinashikilia kanzu ya harusi vizuri sana. Nimenunua kamba mpya, nene mara mbili ya ile. Na tai fupi.

Sharti nimelifikiria kutwa nzima. Alisema mlangoni. Uani hakutaja. Nitapitia nyuma.