Kifaa Changu Kimemshitaki Baba Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mtaa wetu wote wa Kasulo, ambako watu huchimba kobalti hata ndani ya nyumba zao. Aliyeniaibisha ni kifaa changu mwenyewe.

Mnajua kazi yangu: nafunga vifaa vidogo vinavyosikia udongo ukitikisika chini ya nyumba. Havihitaji umeme wala intaneti. Betri inadumu miaka, na taarifa inaruka mbali hadi antena iliyo juu ya paa la kanisa, kisha inaingia kwenye simu yangu. (Mke wangu ameshakariri maneno haya.) Cha kwanza nilikifunga jana kwangu, chumbani kwa watoto, ili niwe mfano.

Leo wakazi walikutana kuamua kama watavikubali. Wakikataa, sina kazi. Nikasimama mbele ya chifu wa mtaa, nikafoka: "Mutu mwenye kuchimba chini ya nyumba yake, anachimba kaburi ya batoto bake!"

Makofi! Nikavimba kichwa.

Simu ikalia king'ora.

"Ni kwa nani?" chifu akauliza.

Nikaizima. Ikalia tena.

"Soma, tata!" chifu akaamuru. (Kwetu "tata" ni baba.)

"Ni... kwangu."

Ukumbi mzima ukatoka mbio, mimi nyuma kabisa. (Miguu ilinishauri nikimbilie mji wa mbali, Tenke.) Tukakuta kitanda cha watoto kimesukumwa ukutani, na sakafuni shimo. Kikachomoza kichwa chenye matope. Kisha mabega. Kisha chupi.

Baba mkwe wangu!

Watu wakanigeukia, wakingoja nirudie hotuba. Sasa baba mkwe unamkemeaje? Kwetu hata kumkazia macho ni kosa, sembuse akiwa na chupi tu! Nikainama, nikasema kwa heshima zote:

"Jambo, tata. Pole na kazi."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mke wangu alikuwa kando ya shimo, kashika gunia la madini. Akaninong'oneza: "Njo maana nilikuambia usiiweke kwetu!"

Kumbe alijua! Wanangu wanalala juu ya shimo, na mama yao anashika gunia. Hilo limeniuma kuliko kicheko chote.

Chifu naye akakata shauri palepale: "Kintu yenye kushitaki mpaka mukwe, kwangu haiingie!" Wote wakaitikia.

Basi, kazi sina. Watoto wanalala kwa jirani (sakafu yake nayo siiamini). Baba mkwe ameniagiza taa ya kichwani, nami nimeshainunua, maana mkwe hakataliwi.

Msinicheke, tafadhali. Hata sasa ninapoandika simu inalia king'ora, na betri ya kifaa, nilisema mwenyewe, inadumu miaka.