Mshahara wa Lazaro na Ng'ombe wa Kisa

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Damu inachemka! Barua ya kampuni imefika. Gawio: sifuri, mwaka wa tatu huu. Mshahara wa mkurugenzi: umeongezwa, sasa milioni kumi na nane kwa mwezi! Na mkurugenzi ni nani? Lazaro wa Talatala, niliyekuwa namfanyia hesabu darasa la tano. Analima bangi ya dawa ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, ambako inaruhusiwa kwa kibali. Mimi huku Bujonde nina hisa mia mbili. Nilizinunua kwa kuuza ng'ombe wa mke wangu Kisa, aliyepewa na marehemu baba yake. Kisa ameisoma barua akiwa amesimama. Amesema kutoka mkutano wa wanahisa wa Alhamisi nirudi na hela ya ng'ombe, la sivyo anakwenda kwa kaka yake kule Mwaya.

Jumanne, 5 Agosti
Mkakati! Nimewazungukia wanahisa wenzangu wote tisa. Sheria ni moja: asile mtu chakula cha Lazaro. Kwetu ukishakula wali wa mtu huwezi kumsema vibaya siku hiyo hiyo. Lazaro analijua hilo, ndiyo maana kila mwaka anatulisha kwanza. Wote wameapa. Anyitike kaapa kwa Biblia.

Alhamisi, 7 Agosti
Wasaliti! Wali wa Kyela, samaki mbasa wa kukaanga, ndizi kwa nyama. Anyitike kaanza kabla ya sala. Nikasimama peke yangu, tumbo linanguruma, nikamwambia Lazaro mbele ya watu kwamba anakula jasho letu. Hakukasirika, mshenzi yule. Aliniacha nimalize. Kisha akasema mtu anayekataa wali kwa ajili ya wenzake ndiye anayefaa kuwa mwenyekiti wa kamati ya mishahara. Makofi! Ningefanyaje?

Ijumaa, 8 Agosti
Kikao changu cha kwanza, ofisini kwa Lazaro. Kiti kinazunguka! Nimeupitia mshahara wake kwa kina. Ukiutazama kwa mbali ni mkubwa. Ukiwa ndani unaona mambo: mtu ana wageni, ana safari, ana presha. Nimesaini. Posho yangu ni laki tatu kwa kikao. Lazaro kanishauri niichukue kwa hisa, maana zinakaribia kupanda. Mjinga tu ndiye angedai taslimu.

Jumamosi, 9 Agosti
Shukrani ya punda ni mateke! Nimemweleza Kisa kila kitu kwa utaratibu, hadi kile kiti. Alikuwa anafunga godoro kwenye baiskeli. Akasema, "Ng'ombe wa nyumba hii walikuwa wawili, Baba Jubilate. Ukamuuza mwenye akili." Kisha huyo, Mwaya. Mke wa mwenyekiti, kwa baiskeli!

Mchana Anyitike na wenzake wamekuja kuuliza posho yangu ni kiasi gani. Walafi hao! Mambo ya kamati ni siri.

Jumatatu namwona Amon dalali, anitafutie mteja wa shamba letu la kakao, ninunue hisa zaidi kabla hazijapanda. Zikipanda nitampelekea Kisa ng'ombe wawili, naye ataniomba radhi mbele ya kaka yake.